Sikio la Kuchagulia Nazi

Mimi ni mtu wa hasira, na wanaonijua hawanibishii. Hasira zangu zinapanda upesi na kushuka upesi, na mume wangu, ambaye ameishi nazo tangu tukiwa vijana, anasema zingekuwa mvua basi Tanga isingejua kiangazi. Lakini kuna siku moja, siku kumi hivi kabla ya Ramadhani, nilikasirika pabaya. Nilimkasirikia mtu asiye na kosa, mbele za watu, na kosa lenyewe lilikuwa kichwani mwangu, ndani kabisa, mahali nisipoweza kupaona. Leo nimetulia, chai yangu isiyo na sukari iko hapa pembeni, na ninaweza kulisimulia jambo hili bila kujitetea sana.

Ninauza nazi. Nilianza na kikapu kimoja mlangoni kwetu Chumbageni, mtoto wangu wa kwanza yuko mgongoni, na sasa nina meza sokoni na huyo mtoto ana watoto wake. Watu huiona kazi nyepesi, kwa sababu nazi haivundi kama nyanya wala hainuki kama samaki. Ugumu wake ni kwamba imejifunga. Huwezi kuionja, huwezi kuibonyeza, na ukishaipasua huna tena cha kuuza. Kwa hiyo unaitikisa karibu na sikio. Nazi iliyokomaa sawasawa ina nafasi kidogo ndani, na maji yake unayasikia yanapiga huku na huku. Koroma, yaani ile ambayo haijakomaa, imejaa maji pomoni, na kwa sababu hiyo iko kimya. Tui la koroma ni jepesi mno, ukilipikia wali utadhani umepika kwa maji ya bomba.

Sikio langu lilikuwa na sifa. Wanawake walikuwa wakifika mezani, wananiambia tu, "Nichagulie tatu," kisha wanageukia mazungumzo yao. Hawakuhangaika kutikisa wenyewe. Watu wenye shughuli, harusi au hitima, walikuwa wakiniita nikawachagulie nazi hata kama hawakuzinunua kwangu. Nilikuwa nikishika mbili kwa pamoja, moja kila sikio, hii weka, hii rudisha, na mdomo wangu unaendelea na habari nyingine kabisa. Wapo wanaojivunia nywele, wapo wanaojivunia wali wao. Mimi nilijivunia sikio.

Nazi zangu nyingi zilikuwa zikitoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwenye shamba la shoga yangu. Tulijuana tukiwa wasichana, kwenye shughuli ya harusi, tumekaa kwenye mbuzi mbili zinazotazamana tunakuna nazi za wali, tukashindana nani atamaliza kwanza. Mpaka leo kila mmoja wetu anasema alishinda yeye. Shamba aliachiwa na mama yake. Nilipojifungua mtoto wa pili kwa shida, yeye ndiye aliyekuja kunikanda. Alipofiwa na mumewe, mimi ndiye niliyelala naye chumbani siku zote za eda nilizoweza kuondoka nyumbani. Kwa hiyo nikisema shoga yangu, sisemi mtu wa kuuziana tu.

Kisukari kilikuwa kimenikalia mwaka wa kumi na moja. Nilishakizoea, kama unavyomzoea wifi mkorofi. Vidonge asubuhi na jioni, wali kwa kijiko na si kwa sinia, na kila jioni natazama nyayo zangu kwa kioo kidogo nisije nikawa na kidonda nisichokisikia. Kliniki walinipima macho, walinipima figo, miguu nikaambiwa niilee kama mtoto mchanga. Masikio hakuna aliyeyataja, wala mimi sikuona sababu ya kuyauliza.

Sasa nikitazama nyuma naona dalili zilikuwepo tele, ila kila moja nilikuwa nimeshaipatia maelezo. Wajukuu zangu walikuwa wakisema nami kwa kunong'ona, nikasema watoto wa siku hizi hawajui kufungua kinywa. Mume wangu alilalamika kwamba televisheni inapiga kelele mpaka kwa jirani, nikasema yeye ndiye mwenye masikio ya popo. Mwaka ule nilitangaza mtaa mzima kwamba mbu wamekwisha, nikawashukuru watu wa manispaa kwa kupulizia dawa. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu anajikuna mikono yote miwili.

Kulikuwa na jingine. Nikitawadha, nikifumba macho kuosha uso, mwili ulikuwa ukienda upande, taratibu, kama mtu anayesukumwa begani. Nilijifunza kushika ukuta kwa mkono mmoja. Nikasema ni presha.

Basi ikawa mwezi wa Shaabani, siku za mwisho mwisho, watu wanajiandaa na mfungo. Huku kwetu Ramadhani bila nazi haipo. Mihogo inapikwa kwa nazi, magimbi kwa nazi, kunde kwa nazi, tambi kwa nazi, na siku za vunja jungu watu wanapika kana kwamba hawataona chakula tena. Ndiyo maana kila mwaka wapo wenye mashamba wanaopatwa na tamaa. Wanaangua na makoroma, wanayafua maganda, wanayachanganya na nazi nzuri, wanayaleta mjini watu wakiwa na haraka. Mimi niliwajua hao wote, na hakuna aliyethubutu kufika mezani kwangu.

Shoga yangu alifika asubuhi na magunia yake kwenye mkokoteni. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kukuna nazi imenyamaza, na wanawake waliokuwa wakingojea kukuniwa walikuwa wamekaa tu. Mwenye mashine ni Mshambaa mmoja, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, mtu mpole. Nikafungua gunia la kwanza, nikashika nazi mbili, nikatikisa. Kimya. Nikazibadilisha. Kimya. Nikaingiza mkono chini ya gunia, maana mabaya huwa yanafichwa chini, nikatoa nyingine. Kimya vilevile. Nilipofika ya kumi damu ilikuwa imeshapanda.

"Shoga," nikasema, "umeniletea makoroma."

Alidhani natania. "Koroma labda weye," akasema huku anacheka.

"Sitanii. Hailii hata moja."

Akachukua moja, akaitikisa sikioni kwake, kisha akainyoosha mpaka kwenye sikio langu, akaitikisa tena. "Hii hailii?"

"Hailii."

"Hebu itazame basi. Kifuu cheusi hivi ni cha koroma?"

"Rangi? Watu wanazianika juani mpaka zinageuka. Mie nasikiliza, sitazami."

Yule mwenye mashine akaingilia, kwa adabu yake yote. "Mama, samahani, mbona mie toka hapa nayasikia maji?"

"Wewe masikio yako yalishaliwa na hiyo mashine," nikamwambia. "Kaimbe." Wanawake wakacheka, na kicheko chao kikanipa kichwa.

Shoga yangu hakucheka. Aliniuliza pole pole, "Nikupasulie ngapi ndo uridhike?"

"Ukipasua moja nitajuaje ya pili? Ungesema tu kama shamba limekushinda. Lakini kuniangulia mabichi kwa tamaa ya Ramadhani, mie mwenzio wa miaka yote hii, ni aibu."

Neno tamaa ndilo lililoharibu. Nililiona likimwingia. Hakunijibu kwa ukali, na laiti angenijibu, tungegombana tukapatana kabla ya adhuhuri kama kawaida yetu. Aliinama, akayafunga magunia yake moja moja, akamwambia mwenye mkokoteni ageuze. "Haya," akasema. "Mola akuzidishie." Akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama nyuma ya meza, nimejaa ushindi.

Ushindi wenyewe haukufika hata alasiri. Nilinunua nazi kwa mtu mwingine nipate cha kuuza, na hizo nazo zilikuwa kimya. Nikasema pwani nzima imeoza mwaka huu. Nikachukua mbili za kwenda kupikia nyumbani, niwaonyeshe wenzangu uozo wa dunia.

Mume wangu ni mstaafu wa reli, na tangu astaafu kazi ya kupasua nazi ni yake. Alikuwa uani. Akachukua ya kwanza, akaitikisa kwa mazoea tu, akasema, "Hii nzuri."

"Haina kitu hiyo."

"Haina kitu vipi? Sikiliza." Akaileta kwenye sikio langu la kulia, akaitikisa. Nikaona mkono wake unakwenda na kurudi. Akazunguka, akaitikisa kwenye sikio la kushoto. Alikuwa anatabasamu, anangoja nimrudishie neno kali. Nilipokaa kimya, tabasamu likamwondoka. Aliipasua juu ya bakuli, maji yakamwagika yakajaa nusu, na nyama ya ndani ilikuwa nene, nyeupe, imekomaa kama ilivyotakiwa. Alinitazama, akaweka bakuli chini bila kunisuta, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nilikaa kwenye kigoda. Niliogopa, na nitasema ukweli niliogopa nini. Sikuogopa ugonjwa kwanza. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimemwita mwenzangu mtu wa tamaa, mbele za watu, na hakuwa na tamaa. Nikampigia simu jioni ile, hakupokea. Nikapiga kesho yake, hakupokea.

Siku ya kliniki iliangukia wiki ileile. Nilipomweleza muuguzi, alikunja uso, akanipeleka chumba cha masikio. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo mama," akasema, na nikaona kwamba anasema akiwa amenielekea uso, kwa sauti ya wazi, bila kupiga kelele. Wengine wote nyumbani wangejifunza kwake. Aliniangalia masikio kwa taa, akasema ni safi, hakuna nta, ngoma ya sikio ni nzima. Kisha akanivisha vitu viwili vya kusikilizia, akanipa kitufe, akasema kila nikisikia mlio, hata mdogo vipi, nibonyeze.

Nilianza vizuri. Milio mizito niliisikia, tuu, tuu, nikabonyeza. Kisha ukapita muda bila kitu. Nikaona aibu. Nikafikiri, huyu mtoto atasema mimi kiziwi, nikaanza kubonyeza kwa kukisia. Bonyeza, ngoja kidogo, bonyeza. Akanivua kile kitu upande mmoja, akaniambia taratibu, "Mama, hapo sikupiga chochote." Tulicheka sote wawili. Tukaanza upya, kwa uaminifu.

Alipomaliza alinionyesha karatasi yenye mstari. Mstari ulianza juu kidogo, ukatambaa, kisha ukashuka kama mtu anayeteremka ngazi za bandarini. Akaniambia sauti nzito bado ninazo, zile ndogo na nyembamba ndizo zilizoondoka, masikio yote mawili. Sauti ya mtoto, mbu, maji ndani ya nazi. Nikamuuliza nani kaziondoa.

"Mama, ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kimejikunja kama konokono," akasema. "Kimefungwa ndani ya mfupa mgumu, na ndani yake kuna maji. Sauti ikifika, maji yanatikisika. Humo kuna vinyweleo vidogo sana, vinayasikia yale maji yanavyotikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Sasa, mishipa ya damu inayolisha pale ni myembamba kupita unywele. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaichakaza, kama inavyochakaza ya macho na ya figo. Vinyweleo vinakosa chakula, vinakufa."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikasema, "Mwanangu, kwa hiyo nina nazi kichwani."

"Mbili, mama," akasema.

Nilimpenda pale pale. Akaendelea kunieleza kwamba pembeni ya yule konokono kuna vijiduara vitatu, navyo vina maji, na hivyo ndivyo vinavyomwambia mtu amesimama wima au ameinama. Vinalishwa na mishipa ya jirani, na vyangu navyo vilikuwa vimedhoofika. Mchana, macho yananisaidia. Nikifumba macho kuosha uso, msaada unaondoka, na nyayo zangu zenye ganzi hazina la kusema, basi naanza kwenda upande. Ukuta wangu wa kutawadhia ukapata maelezo yake. Aliniambia pia asingependa kunidanganya kwamba ni sukari peke yake. Umri umo, na ile mashine ya kukuna nazi inayonguruma karibu na meza yangu nayo imo. Nikakumbuka nilivyomwambia yule mwimbaji kuhusu masikio yake, nikatazama chini.

"Vitarudi?"

"Vilivyokwenda havirudi, mama. Vilivyobaki tuvitunze. Sukari ishuke ikae chini, tembea kila siku, kaa mbali na mashine. Na nitakuandika kwenye orodha ya kifaa cha kusikia."

Nilimwomba jambo moja. Nilimwomba aniandikie cheti, chenye muhuri, kisemacho kwamba mimi ni mgonjwa wa sikio na nilikuwa mgonjwa tangu kabla ya Shaabani. Alidhani nataka kupeleka kazini. Nilipomwambia ni cha kumpelekea shoga yangu, alitoa nakala ya ile karatasi yenye mstari, akaipiga muhuri kabisa, akanipa.

Kwetu mtu haingii Ramadhani na deni la moyo. Siku zile za mwisho za Shaabani watu wanaombana radhi, majirani, wakwe, hata walionuniana mwaka mzima. Wengi siku hizi wanatuma ujumbe mmoja kwa simu kwa watu wote waliomo ndani, na radhi imekwisha. Lakini kuna maneno ambayo huwezi kuyafuta kwa ujumbe. Zilikuwa zimebaki siku nne. Asubuhi nilikunywa uji, nikameza kidonge, nikatia ile karatasi mkobani na kanga doti moja niliyoinunua kwa ajili yake, nikaenda Pangani.

Mto ndio ulionitia adabu. Daraja jipya lilikuwa bado linajengwa, tulivuka kwa pantoni kama siku zote. Nimevuka pale mara nisizoweza kuhesabu, nimesimama, na mzigo kichwani. Siku ile pantoni ilipoanza kuzunguka nikahisi kichwa kinazunguka upande mwingine. Nikashika bomba la pembeni kwa mikono miwili. Yule binti alinifundisha nikipata kizunguzungu nisifumbe macho, nitafute kitu kilichotulia nikikazie. Nikakazia ukuta mweupe wa ng'ambo. Mama mmoja akaniuliza kama nina mimba, watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nimeng'ang'ania bomba.

Nilimkuta kwenye kifuo, ule mti uliochongoka wanaofulia nazi, anafua mwenyewe pamoja na vibarua wake. Aliniona. Hakuacha kufua.

"Asalaam aleikum," nikasema.

"Waaleikum salaam. Karibu." Akaagiza niletewe kiti.

Kiti kilinikata maini. Nyumba ile sikuwahi kukalishwa kwenye kiti. Mimi nilikuwa mtu wa mkeka, wa kujitupa na kuvua ushungi. Kiti ni cha wageni. Nikakaa kwenye kiti, nikaeleza yote, nazi ya uani, binti wa masikio, konokono, maji. Nikatoa karatasi. Akajifuta mikono, akaishika, akaigeuza.

"Hii ndo nini, reli ya Moshi?"

"Ndiyo masikio yangu."

Akanirudishia. Sikujua kama ameamini, na mimi mwenyewe, nilivyojisikia nikieleza, ilikuwa kama hadithi ya mtu anayetafuta pa kutokea. Akainuka, akapita nyuma yangu. Nikadhani amekwenda kuniletea maji. Nikakaa nikitazama maganda ya nazi pale chini, nikapanga maneno mengine. Muda ukapita. Nilipoona kimya kimezidi niligeuka, nikamkuta amesimama hatua moja nyuma ya kiti changu, ameshika nazi kwa mikono miwili karibu kabisa na kichwa changu, na machozi yanamtoka.

"Nimetikisa mara tatu," akasema.

Nililia. Sijui kama nililia kwa sikio au kwa kuwa ameniamini, maana vyote vilikuja pamoja. Akaagiza mkeka, na mara hii tulikaa sote wawili chini, akanipokonya ile kanga akajifunga kabisa kabla sijaisifia. Akanipa radhi, nikampa radhi, akanipikia samaki na ndizi mbichi kwa sababu alikumbuka wali sili sana. Nilishiba, nikafurahi, nikaanza kuaga.

"Lakini," akasema.

Nikakaa tena.

"Radhi yangu ni hapa kwangu. Wale walonisikia nina tamaa hawapo hapa. Jana nimepeleka gunia kwa mteja wa miaka yote, akatikisa moja moja mbele yangu. Hajapata kufanya hivyo."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema umeme, haraka, joto la siku ile, tulikosana kidogo tukapatana. Ananijua. "Sema kweli," akasema, "au usiseme kabisa. Ukiwatilia nusu watadhani tumepatana kwa ushoga, na makoroma yalikuwa makoroma."

Na kweli yenyewe ilikuwa moja tu, kwamba sikio langu halifai. Nilirudi Tanga nimeinamisha kichwa. Watu hawakuwa wakija mezani kwangu kwa sababu nazi zangu zinang'aa. Walikuja kwa sababu ya sikio. Kumrudishia mwenzangu jina lake, ilibidi nilitoe langu mbele ya wateja, siku mbili kabla ya Ramadhani, wakati meza inapojaa kuliko siku yoyote ya mwaka. Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Ukinyamaza, ni nani atakayejua?" Nikamjibu, "Mimi." Akaenda kuninyooshea baibui.

Shoga yangu alifika na magunia saa mbili asubuhi, amevaa ile kanga. Wanawake walikuwa wameshajaa, na wengi ni walewale. Nilimwomba mwenye mashine azime, nikamwomba na radhi yake hapo hapo, akasema, "Yamekwisha, mama," akazima. Nikagonga meza.

"Mnamkumbuka huyu," nikasema. "Nilisema hapa kaniletea makoroma. Zilikuwa nazi. Koroma ni mimi. Sukari imenila masikio, siyasikii maji ya nazi, sikuyasikia siku ile na sitayasikia tena. Yeye hana tamaa, hajapata kuwa nayo. Nimesema."

Mmoja akasema pole, mwingine akauliza hiyo sukari inakula mpaka masikio, mwingine akajishika sikio lake. Mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, alisukuma watu akafika mbele na kikapu chake. Akaniambia kwa sauti kubwa ya kumsemesha kiziwi, "Mie nataka tano za tui zito. Sasa ntamwamini nani?"

Nikamwonyesha shoga yangu. "Huyu."

Yule mama alimtazama kuanzia ushungi hadi miguuni. Nilishika ukingo wa meza. Kama angegeuka aende meza nyingine, wengine wangemfuata, na mwenzangu angerudi Bweni na jina lile lile nililompa.

"Haya," akamwambia. "Nichagulie."

Shoga yangu akachukua nazi, akaitikisa sikioni, akanipa. Nikaiweka kikapuni.

"Nyingine," akasema yule mama, na alisema naye, si na mimi. Iliniuma, nisidanganye, iliniuma kidogo. Kisha nikakishika kikapu vizuri kwa mikono yote miwili, shoga yangu akatikisa, na mimi nikapokea.